Fundi wa Bonge

"Tulia, kaka. Ukihema hivyo nitakudunga," fundi alisema, pini amezibana mdomoni.

Bonge akajitahidi kutulia. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kama alivyotaka siku zote. Mchekeshaji mzima, asiyeona aibu kwa neno lolote jukwaani, lakini kuonekana bila koti hataki katakata. Fundi alikuwa nyuma yake, akimalizia mshono wa mgongoni, na sindano leo ilikwenda kwa hasira. Jasho lilimtiririka Bonge likapotelea kwenye ndevu.

"Leo utanitaja?"

"Dada, hilo tumeshalizungumza."

"Mimi nililizungumza, wewe ulilikwepa. Leo unapewa tuzo, wakubwa wote wamo humo ukumbini. Sema tu kwamba kazi hii ni yangu. Kitu gani kitakupungua?"

"Kila kitu," Bonge akajibu. "Siku nikikutaja, nimekwisha."

"Na usiponitaja nimekwisha mimi."

Hakuwa anatia chumvi. Jumba kubwa la maigizo lilikuwa linatafuta mkuu wa mavazi, na fundi alikwenda kuomba nafasi akiwa na picha ya Bonge, picha moja tu, kubwa, amesimama mzima mzima. Waliomhoji waliipitisha mkono kwa mkono. Kazi yako iko wapi hapa? wakamuuliza. Si hiyo mnayoiangalia, akawaambia. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani, akasema suti ni nzuri, haina neno, ila suti ya kijivu fundi yeyote wa mtaani anaishona. Fundi alifungua mdomo, akaikumbuka ahadi aliyompa Bonge, akaufunga. Akaichukua picha yake, akarudi nyumbani.

Huko nako mama yake hakumsaidia. Kila asubuhi bibi wa watu alifagia vipande vya sponji na pamba chini ya cherehani, akijua ni vya kujazia mabega ya makoti, na kila asubuhi alikuwa na lake la kusema. "Mwanangu, miaka yote hii mtu mmoja, suti moja. Hivi hiyo suti haiishi?" Alikuwa anatania tu, lakini maneno yalimchoma binti yake kuliko sindano.

Fundi akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Basi leo ndiyo mwisho. Kuanzia kesho tafuta fundi mwingine."

Bonge aligeuka, uso umemshuka. "Fundi mwingine nitamtoa wapi?"

"Hilo si langu."

Alilisema kwa ukali, na papo hapo akajuta. Wakati milango yote ilipofungwa mbele yake, huyu ndiye aliyempa kazi. Alimwonea huruma, na bado hasira haikumtoka.

Mlango ukagongwa, zamu ya Bonge ilikuwa imefika. Akavaa fulana, akavaa shati na koti, akachomeka mikono kwenye glavu zake nyeupe, akapanda ngazi za jukwaa mbilimbili. Mtu wa mwili ule, ungeshangaa.

Nyuma ya pazia fundi hakai wala hasimami. Akienda mpaka kwenye swichi za taa anarudi, akirudi anachungulia. Ukumbini walikuwa hoi kwa kicheko. Bonge alikuwa amepewa kigoda chembamba, kama wanavyomfanyia kila mara, na watu walishika vifua wakingoja kivunjike. Akakikalia kwa nguvu zake zote. Kigoda hakikulia hata kidogo, nao wakazidi kucheka.

Tuzo ikatolewa. Mshereheshaji akauliza swali wanalomuuliza kila mahali: siri ya mafanikio yako ni nini? Jibu lake hata watoto walilijua. Nakula vizuri, nalala vizuri. Baadhi ya watu walikwisha anza kulisema kabla yake.

Bonge hakulisema. Alitazama tuzo, akatazama pazia, ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Siri yangu iko huku nyuma," akasema. "Dada, njoo. Njoo na mkasi."

Fundi alitoka na mkasi wake, uzi umemning'inia begani. Bonge akamshika mkono, akataja jina lake, lake na la baba yake, akasema huyu ndiye aliyemfikisha hapo. Watu wakapiga makofi ya adabu. Kwenye safu ya mbele, mama mwenye miwani akamwinamia jirani yake: "Ndiye yule wa suti."

Fundi alimsikia. Bonge naye alimsikia.

"Nifungue," akamnong'oneza.

"Hapa? Kaka, watu wote wanakuona."

"Ndicho ninachotaka."

"Umeshanitaja. Inatosha, nimeridhika. Twende."

"Jina wamelisikia, dada. Kazi hawajaiona."

Akavua glavu. Akavua koti, akavua shati, na watu wakashangilia, wakidhani ni kichekesho kipya. Kisha akampa fundi mgongo. Fundi akaipandisha fulana juu, akaanza kuukata mshono alioushona jioni ileile, akiomba Mungu Bonge amzuie. Bonge hakumzuia.

Uzi wa mwisho ukakatika. Bonge akageuka, akautazama ukumbi mzima, akavuta pumzi, akavua tumbo, akamkabidhi mwenyewe.