Kufunga kwa Mama

"Mimi sikukuomba ufunge, mama!"

"Na mimi sikukuomba ruhusa. Nilimuahidi Mungu: mpaka universite ya Kampala ikujibu, muchana sitatia kitu mu kinywa."

"Watu wa Kampala hawajui kama una njaa."

"Mungu anajua. Wewe angalia hiyo telefone yako, labda itazaa."

Asubuhi nilimukuta ameshika ukuta ndiyo asianguke. Sasa ilikuwa muchana, na sahani ya bugali na samaki ndogo za sambaza ilikuwa mbele yangu peke yangu.

"Walijibu," nikasema. "Wamenikubali."

Hakuna mutu alikuwa amejibu.

Mama alinawa mikono, akafanya alama ya musalaba, akamega bugali yangu. Alifinyanga tonge polepole, akalitoboa na kidole gumba, akaweka sambaza moja ndani, akameza. Machozi yalishuka, hakuyapanguza. Alimega ingine.

"Kimbia kwa padiri," alisema, kinywa kimejaa. "Ataje jina yako mu misa ya kesho, watu wote washukuru pamoja na sisi."

"Ndiyo, mama."

Nilivaa viatu. Telefone ilikuwa kimya mu mufuko. Nikamuacha anakula, nikatoka, nikafunga mulango.