Upana wa Njia

Hellena alishindilia udongo kwenye mche wa mwisho wa waridi, akasimama mlangoni kutazama kazi yake. Njia ilinyooka kutoka barabarani hadi kizingitini, waridi huku na huku, na chupa zilizofukiwa kichwa chini pembeni. Upana wake aliupima kwa kamba. Ulikuwa upana wa kiti mwendo cha mume wake, ambaye hospitali ya Mbeya ilisema ingemruhusu Ijumaa.

Shemeji yake aliingia bila hodi, simu bado mkononi. Alisimama katikati ya njia, akaipima kwa miguu, kisigino mbele ya kidole. Nyayo tatu tu.

"Utanikanyagia maua, wewe!" Hellena alicheka. "Kaka yako mwenyewe hajapita, unataka kumtangulia?"

"Shemeji, njia ni nyembamba."

"Nyembamba kwa nani? Nimejaribu na toroli la mahindi la jirani. Halikugusa hata jani."

Shemeji alichuchumaa, akashika waridi la kwanza shinani. Miiba ikamwingia kiganjani, hakuliachia.

"Hospitali wamenipigia. Wabebaji watakuwa sita," alisema. "Watatu huku, watatu huku."

Upepo baridi wa pale kijijini Milanzi ulipita kati yao. Hellena aliitazama damu ikishuka hadi kwenye kifundo cha mkono wa shemeji yake, tone moja, kisha jingine. Halafu akapiga magoti upande wa pili.

"Usivute hivyo," alisema. "Utakata mizizi. Yote tunayapanda tena."