Picha ya Dirishani

Lian alioshwa masizi usoni mara mbili asubuhi ile. Mara ya tatu Nyonya Geok, yaani Bibi Geok, mwalimu mkuu, alimsugua mwenyewe mpaka masikio yakawa mekundu.

"Hata ukijipaka masizi ya sufuria nzima, picha utapigwa."

"Nyonya, itakaa wapi hiyo picha?"

"Moja ukutani hapa. Nyingine mpiga picha ataiweka dirishani kwake, watu waone shule ya wasichana ya Pinang."

Dirisha hilo lilitazamana na duka la tajiri Boon Teck. Ndiye aliyemnunua Lian akiwa na miaka sita, akamchoma mkono kwa pasi akiwa na tisa. Tangu atoroke, mwaka wa pili huu, tajiri alikuwa akimtafuta mji mzima.

Uani wasichana kumi na mmoja walipangwa safu mbili, Nyonya katikati kwenye kiti kikubwa. Wa safu ya nyuma wakatiwa vyuma vya kushikilia shingo zisitikisike; Lian alikuwa safu ya mbele.

"Tunapigwa picha au tunanyongwa?" alinong'ona Kim.

"Wewe wakunyonge tu, tupumzike," jirani yake akamjibu.

Kilibaki chuma kimoja. Mpiga picha akampelekea Nyonya.

"Kiondoe. Shingo yangu haishikwi tena na mtu."

Kisha akawageukia wasichana, na macho yake yakatua kwa Lian.

"Sikilizeni. Atakayetikisa kichwa, uso wake utatoka wingu, hata mamake hatamjua. Na atakayeniharibia picha, atafunga virago."

Nje ya lango, tajiri. Ndani ya lango, Nyonya. Lian alikuwa kama panya aliyeambiwa achague paka.

Mpiga picha akafunua kioo cha sanduku lake, akainamia saa. "Moja. Mbili."

Kwenye tatu Lian akaanza kutikisa kichwa, kulia, kushoto, polepole, kama mtoto anayekataa uji. Hakuacha mpaka kumi na mbili.

Picha ililetwa siku ya nne. Nyonya aliifungua mezani, wasichana wakasongamana. Lian alisimama mlangoni, kifurushi cha nguo tayari kwapani.

Nyuso kumi zilitoka safi kama sarafu mpya. Ya kumi na moja ilikuwa wingu.

"Na huyu wa pili," akanong'ona Kim, "naye afunge virago?"

Kidole chake kilikuwa katikati ya picha, kwenye kiti kikubwa, ambako juu ya vifungo vya dhahabu vya Nyonya Geok palikuwa na wingu zito kuliko la Lian.