Mkono Ulioshika Mtandio

Kabla ya alfajiri nilisikia kipanya cha kompyuta kikilia tik, tik mezani. Mjukuu wangu Bushra alikuwa ameamka kutengeneza picha ya kuwatumia wakwe zake watarajiwa. Nilisimama nyuma yake na kikombe cha chai, hakunisikia.

Ni picha tuliyopigwa jana uani, hapa kijijini kwetu Tulia. Jioni alinionyesha vifaa vyake kwa subira: hiki kinakata, hiki kinachukua rangi ya hapa na kufunika pale, hiki kinarudisha ulichoharibu.

Sasa alikuwa amenikata. Ulibaki mkono wangu tu begani mwake, na kucha nyeusi za kumenya mbaazi. Akachukua kile cha kufunika, akaupaka rangi ya ukuta, kidole kimoja kimoja, mpaka ukaisha.

Lakini jana kulikuwa na upepo, na mkono ule ulikuwa umeshika mtandio wake usipeperuke. Sasa ncha ya mtandio ilisimama hewani peke yake, imekunjamana pale vidole vyangu vilipokuwa.

Bushra aliitazama sana. Kisha akageuka.

"Susu, bibi yangu! Umesimama hapo tangu saa ngapi?" Akaziba kioo kwa viganja. "Ni wale watu, Susu. Nyumba yao ni ya maana."

Machozi yalimlengalenga. Niliweka chai mezani haraka, nikauficha mkono ndani ya leso niliyojifunga.

"Kata tu, mama. Hata mimi hizo kucha singezituma kwa wakwe. Lakini ukishaolewa, uje tena unitembelee."