Pazia la Bi Verlene

Pazia la Bi Verlene lilikuwa limepandishwa tena kabla jua halijatoka, na jambo hilo lilimkera Odelia Pruitt kupita kiasi. Bibi wa miaka tisini na sita, mvivu wa kuamka tangu ujana wake, leo hii aamke kabla ya jogoo?

Alisimama kando ya gari lake, chupa ya chai mkononi, akaitazama nyumba. Kazi hii ya mapazia ilikuwa ya zamani. Walimu wanane weusi, wote dada wa chama kimoja cha wasichana tangu chuoni, walipoanzisha tawi lao hapa Georgia, walikutana kwa siri kuwafundisha watu wazima kusoma ili wakajiandikishe kupiga kura. Pazia likiwa juu, njia shwari. Siku hizi tawi liliwatumikia wazee wake kwa ishara ileile. Pazia juu, dada ameamka salama, usimsumbue. Pazia chini, mwenye zamu aingie kwa ufunguo wake akamtazame.

Tangu majira ya baridi, wanne walikuwa wamekutwa wamekufa, na aliyewakuta wote ni Odelia. Kila mtu alimwonea huruma. Afadhali yeye, walisema, aliwahi kuwa nesi. Tena ndiye aliyeongoza ibada za kuwaaga, dada wote wakiwa na magauni meupe ambayo hayavaliwi ila siku ya kumzika mwenzao. Odelia akianza wimbo wa chama, hata wanaume walitokwa machozi. Siku hizo ndizo alizojiona naye ni mtu mbele ya watu.

Katika wale wanane, wengine wakiwa wamekufa miaka ya nyuma, sasa alibaki Bi Verlene peke yake, na mpwa wake, Rodell, aliyehamia hapo na begi moja tu, alikuwa hamruhusu mtu kumwona. Wiki iliyopita Odelia alipopeleka keki, jitu hilo liliziba mlango mzima.

"Amelala, Bi Odelia."

"Saa nne hii? Mwanangu, mimi na shangazi yako tumetoka mbali. Niache nimsalimie tu."

"Amesema hataki wageni."

"Mimi mgeni? Mimi dada yake!"

"Na keki yako urudi nayo, tafadhali."

Kitasa cha mlango ule kilikuwa kipya, kinang'aa. Odelia aliwasimulia wenzake, nao wakaguna. Huyo anainyemelea nyumba, hana lolote! Mmoja aliapa kwamba pazia analipandisha huyo Rodell.

"Tutakuja kumkuta bibi wa watu ameoza humo ndani," alisema. "Ukipata upenyo, Odelia, wewe ingia tu."

Leo gari la Rodell halikuwepo. Odelia alizunguka nyuma. Kitasa cha mlango wa jikoni kilikuwa kilekile cha zamani, na ufunguo wa zamu ukaingia bila taabu. Moyo ulimdunda kama wa msichana.

Bi Verlene alikuwa ameketi mezani, mzima kabisa, nywele zimesukwa vizuri, anamalizia uji wake wa mahindi. Alipomwona aliyeingia, kijiko kilimdondoka.

"Odelia. Pazia nimelipandisha."

"Nimeliona, Bi Verlene."

"Nimelipandisha mwenyewe. Kila siku nalipandisha mwenyewe. Rodell anarudi sasa hivi. Ameenda dukani tu."

"Basi tusichelewe."

Odelia alichukua kikombe kimoja kabatini, akamimina chai, akakisogeza taratibu mbele ya bibi.

"Kunywa, dada yangu, ingali moto."

Nyumbani kwake, gauni jeupe lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni.