Kisanduku cha Marehemu

Kisanduku kikubwa kuliko vyote kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa cha marehemu. Vingine vilibanana pembeni kama watoto waliosukumiwa ukutani. Chake kilikalia karibu nusu ya ramani, chekundu, kimenuna.

"Hata kufa hakujamzuia kujinafasi," alisema bosi, akacheka peke yake.

Mwandishi hakucheka. Marehemu alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Ofisi ile ilitengeneza video za mafunzo, na diski yake ilikuwa imejaa hadi kooni. Ndipo ikaletwa programu mpya: inapima kila folda na kuichora kama kisanduku, folda nzito kisanduku kikubwa. Mtumiaji wake si mtu bali wakala wa akili bandia, ambaye husoma mwongozo, akaikagua ramani, kisha akafuta takataka mwenyewe. Kazi ya kuandika mwongozo huo alipewa Mwandishi. Miaka mingi alikuwa akipiga deki sakafu ya ofisi hiyohiyo. Akajiandikisha masomo ya jioni, akasoma huku anasinzia, na sasa, mahafali yakiwa bado mbele, alikuwa na meza yake. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kibodi, aliinamisha kichwa akamwomba Mungu amwongoze mkono.

Wiki hiyo aligundua jambo. Katika kujaribu aliandika, "Kwa mfano, futa folda ya Mazoezi," na wakala akaifuta folda ya Mazoezi papo hapo. Hakujua mfano ni kitu gani. Kwake kila kilichoandikwa kilikuwa amri.

"Kwenye mifano weka majina ya folda ambazo hazipo," bosi alimwonya. "Huyu akifuta amefuta. Nakala za akiba tunazo za kazi za wateja tu."

"Nimekuelewa, bosi."

Mchana alimjia mjane wa kaka yake, mpokea wageni wa ofisi hiyo. Folda ile ya kisanduku chekundu ilikuwa na jina la mjane huyo, na nywila aliijua yeye tu. Marehemu, alipokuwa mgonjwa, alikuwa akijifungia studio ya ofisi na kujirekodi, jioni baada ya jioni. Tangu azikwe, kila saa ya chakula mjane alivaa spika za masikioni akasikiliza, machozi yakimtiririka. Mwandishi alimtazama kwa mbali, roho ikimuuma. Kaka aliyembeba mgongoni utotoni hakumwachia hata salamu. Maneno yote kampa mke.

"Wifi, nasikia mnafagia diski," alisema mjane.

"Tunafagia."

"Ile folda, tafadhali. Nyumbani sina kompyuta ya kuihamishia. Usiniangushe, wifi yangu. Iko siku utanishukuru."

"Nikushukuru kwa lipi? Kwa kutuvutia kamasi hapa kila mchana?" Mwandishi akatabasamu. "Nakutania. Nenda kale. Folda yako nitaiweka mahali ambapo wakala hawezi kupita bila kuiona."

Mjane alimshika mikono yote miwili. "Mungu akuzidishie."

"Amina."

Alipoondoka, Mwandishi alirudi kwenye ukurasa wa mifano. Baada ya maneno "Kwa mfano, futa folda ya" aliandika jina la wifi yake, herufi kwa herufi, bila kukosea. Akiulizwa atasema alijisahau. Nani atamkasirikia mtu aliyesoma ukubwani?

Aliinamisha kichwa. "Mungu wangu, wewe unajua nilichonyimwa." Kisha akautuma mwongozo.

Wakala hakukawia. Kwenye kioo, kisanduku chekundu kilitoweka, na vile vidogo vikatanuka vikaijaza nafasi yake kana kwamba hakijawahi kuwepo. Ofisi nzima ikapiga makofi. Diski imepumua!

Mjane hakupiga. Alikuja hadi kwenye meza ya wifi yake, spika bado ziko masikioni, waya unaning'inia.

"Wifi, haifunguki. Haipo."

"Jamani! Ni ule mfano wangu! Nimejisahau, wifi, na kichwa hiki..." Mwandishi alijishika kifua, vizuri kabisa. Kisha akainama, akashusha sauti wasisikie wengine. "Ila na wewe umeshamsikiliza vya kutosha. Wengine hatukupata hata neno."

Mjane alimkodolea macho. Akavua spika, polepole, akaziweka juu ya meza.

"Alinikataza kukwambia mpaka siku ya mahafali yako," alisema. "Alitaka nikupe nywila ukiwa umevaa joho. Jioni zote zile alikuwa anazungumza na wewe, wifi. Mimi nilikuwa naiba sauti tu. Mimi hakuniachia hata neno."