Tangi Liwe Safi

Nyasi zilikataa kushika. Thadeus alizipanda asubuhi, na kufika mchana zilikuwa zinaelea juu ya maji, zimelala ubavu kama abiria wa daraja la tatu.

Hakuwa amezipanda shambani. Alizipanda ndani ya sanduku la kioo lenye samaki wanne wadogo, juu ya meza ambayo mkewe Wakio alidhani ni ya chakula. Bwana mmoja wa reli, aliporudi kwao Uingereza, alimwachia sanduku hilo pamoja na ushauri: sakafu ya tangi lazima iwe na zulia la nyasi fupi, la sivyo ni ndoo tu. Bwana alisema "tangi", basi Thadeus naye akasema tangi. Watu wengine wote wa Voi waliliita sanduku.

Bwana aliacha na neno la pili. Inspekta wa maji kule Mombasa alikuwa na wazimu wa samaki. Mtu anayejua kuotesha zulia hakosi cheo kwake. Thadeus alikuwa amezipa maji injini za Voi miaka kumi na minane, akiishi chumba kimoja na mke na watoto watano. Mombasa nafasi ya msimamizi ilikuwa wazi, na nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu. Basi alipanda.

Nyasi zenyewe alizifuata Njukini, kwenye chemchemi: nyasi laini kama nywele za mtoto mchanga, zinazoota chini ya maji. Alizibeba ndani ya sufuria ya Wakio. Alizipanda shina moja moja kwa kibano cha kutolea miiba, nafasi ya kidole kati ya shina na shina. Alizikata fupi kwa mkasi ili zitambae badala ya kurefuka. Samaki wakazing'oa. Akapanda tena. Kama mahindi yangelimwa hivyo, tungekuwa tumekufa sote.

"Thadeus," alisema Ochola, mshika bendera wa stesheni, akichungulia dirishani, "ng'ombe mmoja wa kwetu Kano atamaliza shamba lako kwa ulimi mmoja. Halafu atauliza chakula kiko wapi."

"Pepea bendera yako, bwana."

Maji yalitaka kubadilishwa kila Jumamosi, madebe mawili. Mwaka huo wa 1954 mvua ilikuwa imeisahau Voi, na wanawake walipanga foleni bombani tangu alfajiri. Lakini Thadeus hakuwa mwizi. Akiazima madebe mawili safi kwenye maji ya injini, alirudisha madebe mawili machafu. Aliyapandisha ngazi ya chuma begani, vipande vya nyasi vikielea humo, akayamwaga huko juu yalikotoka, akashuka bila kuchungulia. Maji ya injini si kitu cha kutazama. Kusafisha huko juu ilikuwa kazi yake pia, lakini mtu ana mikono miwili tu, na yote miwili ilikuwa ndani ya kioo.

"Si ungemwagia mchicha wangu?" aliuliza Wakio.

"Maji ni ya reli, Mama Loise. Mimi ni mtu wa haki."

Ikapita miezi minne. Zulia liliota kama ndevu za kijana: huku kidogo, kule hakuna. Ndipo karani wa stesheni akaja mbio na simu ya maandishi kutoka Mombasa:

INSPEKTA WA MAJI ATAFIKA JUMATANO KUKAGUA TANGI. TANGI LIWE SAFI.

Thadeus alikaa chini. Bwana hakumsahau. Bwana ameandika barua.

"Baba Loise," alisema Wakio, "inspekta mzima atoke Mombasa kwa ajili ya samaki wanne?"

"Wazungu wanatoka Ulaya kuja kumtafuta ndovu porini. Samaki wangu wanakaa mezani."

Kwa siku tatu alisugua kioo kwa gazeti. Alipunguza nyasi kwa mkasi, akapanda penye vipara, akawakemea samaki kwa Kisagalla cha kwao. Wakio alikaanga mandazi. Jumatano asubuhi Thadeus alivaa sare iliyopigwa pasi, akafungua mlango wa nyumba yake kando ya reli, akasimama wima.

Treni ikaingia. Inspekta alishuka, akapita mbele ya mlango huo, mandazi na yote, bila kugeuza shingo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye injini. Dereva alikuwa ameshavuta bomba la maji. Bomba likatema kidogo, kama mtoto anayekataa dawa, likakohoa, likanyamaza. Mdomoni pake palining'inia shungi la kijani, laini kama nywele za mtoto mchanga.

Inspekta aliinua macho kwenye tangi la Voi, lile la chuma, lililobebwa na nguzo kumi na mbili. Akapanda ngazi, akachungulia. Ndani mlikuwa na zulia la ukuta hadi ukuta, fupi, nene, halina kipara hata kimoja.

"Nani ameotesha hili?" aliuliza kutoka juu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyependezwa.

Thadeus, mtu wa haki, akanyoosha mkono.

Treni ilikaa Voi kwa muda wa saa tano. Abiria mia mbili na arobaini walikaa juani. Jumamosi Thadeus alipanda mlima kurudi kwao Sagalla kwa miguu: kazi ya miaka kumi na minane nyuma yake, mke mmoja, watoto watano, madebe mawili, samaki wanne.